Ngazi za Suga na Ziwa Ambalo Halipo

Huenda hakuna ngazi za mtaani jijini Tokyo zinazopigwa picha kama zile za karibu na hekalu la Suga, eneo la Yotsuya. Ukifika utajiuliza kwa nini. Ni ngazi za kawaida kwenye mteremko, zina vyuma vyekundu vya kushikilia, nyumba za watu zimezibana, na juu kuna nyaya za umeme kama ilivyo karibu kila mtaa wa jiji hilo. Hapo ndipo wahusika wawili wa Kimi no Na wa, filamu ya katuni ya Makoto Shinkai iliyotoka Agosti 2016, wanapopishana mwishoni na kugeuka kutazamana. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya yeni bilioni 25 kwenye sinema za Japani peke yake, kwa hiyo watu wa kwenda kugeuka pale hawakauki.

Nilikwenda na rafiki yangu wa Mombasa. Wote tulikuwa wanafunzi Tokyo, mimi Mtanzania niliyekulia Morogoro, yeye akisomea uhandisi wa barabara. Mimi anime, yaani filamu hizi za katuni za Kijapani, nilizijua tangu hosteli za chuo nyumbani, wakati faili moja la filamu lilizunguka bweni zima kwa flashi. Yeye hakuwahi kutazama hata moja, na alikuja kwa sababu Jumapili hakuwa na kazi.

“Ndo hizi?” aliuliza.

“Ndizo, kaka.”

“Ndugu yangu, tumetoka kote kule kuja kuona ngazi? Kwani Leven kule kwetu hakuna ngazi?”

Nikampa simu aone picha niliyoikata kwenye filamu. Aliitazama, akapanda juu, akashuka katikati, akapanda tena, akawapisha wasichana waliokuwa wakipigana picha kwa zamu. Mwishowe akanirudishia simu na kuniambia kwamba aliyechora hakusimama pale. “Huyu amesimama hewani,” alisema. Kwenye picha, nyuma ya ngazi mji umefunguka, anga ni pana, majengo yanaonekana hadi mbali. Ukisimama pale kwa miguu yako mji haufunguki kiasi hicho. Mapaa na nyaya zinakatiza jicho.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nafanya kama mashabiki wengi wanavyofanya: nafika, nainua simu, natafuta pembe inayofanana na ya kwenye filamu, ikifanana nafurahi, naondoka. Jamaa yangu, asiyejua hata jina la mhusika, aliona kitu chenye manufaa kuliko nilichokuwa nakitafuta. Mahali palipofanana, mchoraji aliangalia na kuchora. Mahali pasipofanana, aliamua. Akipanua anga, ana sababu: anataka wale wawili waonekane wadogo mbele ya jiji zima ambamo wangeweza kupoteana tena. Kuanzia hapo nikawa natafuta tofauti, na safari zikabadilika. Hata zile nilizokuwa nimeshazifanya nilizirudia.

Kwa anayetaka kwenda Suga, shuka stesheni ya Yotsuya-sanchome kwenye reli ya Marunouchi, utembee kama dakika kumi. Nenda asubuhi. Ngazi hizo ni njia ya watu: nilishuhudia mzee akisubiri na mfuko wake wa sokoni mpaka kundi la watalii likamaliza kupiga picha katika njia yake mwenyewe ya kurudi nyumbani. Hakusema kitu, maana pale mtu akikasirika hanyanyui sauti, na mgeni anaweza kuondoka akidhani hakuna aliyeudhika.

Bustani ya Shinjuku Gyoen ilinipa shida ya aina nyingine, kwa sababu tofauti karibu haipo. Shinkai aliitumia kwenye Kotonoha no Niwa, filamu ya mwaka 2013 yenye urefu wa dakika 46 tu, kuhusu mvulana anayetoroka shule siku za mvua na mwanamke anayekutana naye kwenye kibanda cha bustanini. Kibanda kipo, upande wa bustani ya Kijapani, karibu na maji. Kiingilio ni yeni 500 kwa mtu mzima, Jumatatu kwa kawaida hufungwa, na milango hufunguliwa saa tatu asubuhi. Bustani yenyewe ina ukubwa wa hekta 58. Zamani ilikuwa ardhi ya ukoo wa Naito, ikawa bustani ya kifalme mwaka 1906, na umma ukaanza kuingia mwaka 1949. Juu ya miti unaona mnara wenye saa wa jengo la Docomo, Yoyogi, ambao Shinkai anaupenda mno. Ukianza kuutafuta kwenye filamu zake utacheka.

Nilipokwenda jua likiwaka, nilikikuta kibanda kimejaa wazee wanakula vyakula vyao, watoto wanakimbizana, na sikuona filamu yoyote. Nikarudi mwezi wa Juni, majira yao ya mvua, ile mvua ya Japani isiyo na haraka, inayonyesha mfululizo kwa sauti ileile, tofauti na yetu ya masika inayokuja na vishindo na kuondoka. Hapo nikaelewa kilichochorwa. Majani yanalemea mpaka yanakaribia kugusa maji. Kijani kinazidi, kwa sababu mwanga wa mawingu hauna vivuli vikali vya kukikata. Ardhi inang’aa na kurudisha rangi ya miti juu, hadi uso wa mtu aliyekaa kibandani unapata rangi ya kijani kidogo upande wa chini. Jambo hilo lipo kwenye filamu na nilidhani ni mapambo ya mchoraji. Kumbe ni mahali penyewe, ila kwa saa zake na hali yake ya hewa. Shinkai na wenzake hupiga picha nyingi sana za mahali halisi kabla ya kuchora, na pale utaona kwamba walikaa mvuani vya kutosha.

Ushauri wangu hapo ni mfupi. Kabla hujachagua siku, angalia filamu inatokea mwezi gani na saa ngapi. Na bia usiende nayo, hata kama mwanamke wa kwenye filamu anakunywa yake pale kibandani. Vileo haviruhusiwi kuingizwa bustanini.

Sehemu niliyoirudia kuliko zote ni Seiseki-Sakuragaoka. Ni stesheni kwenye reli ya Keio, nusu saa hivi kutoka Shinjuku ukipanda treni ya haraka, katika mji wa Tama, magharibi mwa Tokyo. Ndipo ilipochorwa Mimi wo Sumaseba ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Yoshifumi Kondo wa Studio Ghibli, Hayao Miyazaki, mmoja wa waanzilishi wa studio hiyo, akiwa ameandika muswada. Kondo hakuongoza filamu nyingine ndefu. Alifariki mwaka 1998. Mwenyewe naiweka mbele ya filamu zote za studio hiyo, na najua nitabishiwa. Haina joka, haina mchawi. Ina msichana wa sekondari anayeishi kwenye fleti, anasoma vitabu vya maktaba, anamfuata paka aliyepanda naye treni, na paka anampeleka mlimani hadi kwenye duka la vitu vya kale.

Ukishuka stesheni utasikia treni ikiitwa kwa muziki wa Country Road, wimbo ulioimbwa kwenye filamu. Nje kuna ramani ya kuonyesha wageni njia, na sanduku la posta lililotengenezwa kwa umbo la lile duka. Ukivuka mto unaanza kupanda Irohazaka, barabara inayojipinda kwenye kilima kama nyoka, na ngazi za miguu zinazoikata barabara kila kona ili mtu asizunguke. Msichana yule anazipanda mbio akimfukuza paka. Nami nilijaribu kupanda mbio, Julai. Sitawaelezea.

Jamaa yangu wa Mombasa alikuja na safari hiyo, na pale alipata raha yake. Alinieleza kwa nini barabara imekunjwa namna ile, maji yanapelekwa wapi, ukuta umepewa matundu ya nini. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba katika filamu, juu ya ngazi pale, kuna maktaba kubwa.

Akatazama huku na huku. “Haiwezekani. Wazee watapandaje na vitabu?”

Na kweli haipo. Juu pale ni nyumba za watu. Maktaba iliwekwa na wachoraji, kama walivyoliweka duka la vitu vya kale kwenye kipilefti kidogo kilicho kileleni. Kipilefti kipo, kina miti katikati na vijiduka pembeni, ila duka lile halipo. Nilikaa kwenye benchi nikifikiria kwa nini wakaleta vitu viwili hivyo mahali hapo, na jibu naona liko kwenye miguu. Kama maktaba ingekuwa bondeni, karibu na stesheni, ambako kwa akili ya kawaida ndipo ingekaa, msichana asingekuwa na sababu ya kupanda. Hadithi nzima ni ya mtoto anayefika juu ya kile anachokijua na kuuona mtaa wake kwa mbali kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo walichukua kilima halisi, na barabara halisi na mipindo yake yote, halafu wakamwekea msichana vitu vya kumvuta juu. Kwenye kiti changu cha hosteli nisingelijua hilo, kwa sababu kwenye filamu kilima hakichoshi.

Hekalu dogo la Konpira, ambapo mvulana mmoja anamwambia msichana kwamba anampenda na kukataliwa, lipo pia njiani humo. Ni dogo kweli. Ukikaa pale dakika kadhaa utaona kwamba mtu akiambiwa maneno yale hana pa kukimbilia, na ndivyo ilivyochorwa.

Miyazaki mwenyewe ana mtindo mwingine. Shinkai akichora stesheni utaijua kwa jina la njia ya kutokea; Miyazaki akichukua kitu anakigeuza mpaka mwenye nacho asikitambue. Hilo nililiona kwenye makumbusho ya majengo ya kale ya Edo-Tokyo, ndani ya bustani ya Koganei. Yalifunguliwa mwaka 1993, na humo yamehamishiwa majengo 30 ambayo yangebomolewa yalikokuwa: nyumba za wakulima, maduka, baa, kituo cha polisi. Studio Ghibli iko Koganei hiyohiyo, na hata mdudu wa kijani ambaye ni nembo ya makumbusho alichorwa na Miyazaki. Jumatatu pafungwa. Kiingilio yeni 400.

Nenda upande wa mashariki, kwenye mtaa wa maduka. Kuna duka la vifaa vya kuandikia, Takei Sanshodo, lililojengwa Kanda mwaka 1927. Ukiingia, ukuta mzima hadi darini ni droo ndogondogo za mbao, za kuwekea brashi na wino. Aliyetazama Sen to Chihiro no Kamikakushi ya mwaka 2001 atasimama hapo bila kuambiwa: ni ule ukuta wa yule mzee wa mikono sita anayeendesha tanuri chini ya jengo la kuogea, anayevuta droo za mitishamba bila kugeuka. Duka lile lilikuwa chanzo cha ukuta huo. Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipoona mikono sita imetoka wapi, au nadhani niliona. Muuza duka wa kawaida, mwenye mikono miwili, angehitaji ngazi, angehitaji kukumbuka, angehitaji kijana wa kumsaidia. Droo zenyewe zinadai mikono zaidi. Hii ni dhana yangu tu, sijaisoma popote, lakini jaribuni kusimama mbele yake muone kama hamtatamani mkono wa tatu.

Mwisho wa mtaa huo kuna Kodakara-yu, nyumba ya kuogea ya umma iliyojengwa mwaka 1929 wilaya ya Adachi. Mbele ina paa la fahari kama la hekalu, ndani ina mlima Fuji uliochorwa ukutani juu ya mabeseni. Ilikuwa ya watu wa mtaani waliokwenda na taulo begani. Katika filamu, fahari ya paa imekua ikawa jumba la ghorofa nyingi linalohudumia miungu. Wengine watakuambia jumba hilo ni Dogo Onsen ya Matsuyama, na lipo miongoni mwa yaliyotajwa. Wengine watakutuma Jiufen, Taiwani, ambako biashara nyingi zinaishi kwa kusema filamu ilitoka kwao. Miyazaki alikanusha hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Jiufen ni pazuri kwa sifa zake na mtu anaweza kwenda, ila ukilipa nauli kwa sababu ya filamu ujue umelipia uvumi. Mimi sasa nikisikia “hapa ndipo” naanza kwa kuuliza, nani kasema?

Pembeni kidogo, na hili halihusiani na anime hata chembe, kuna nyumba ya Takahashi Korekiyo, waziri wa fedha aliyeuliwa na wanajeshi waasi Februari 1936. Aliuliwa ghorofani, katika nyumba hiyohiyo. Unapanda, unaona mikeka, madirisha ya vioo, bustani chini. Nilikwenda kutafuta droo nikatoka na hilo kichwani, nikarudi nalo kwenye treni mpaka nyumbani.

Kamakura nitaipita haraka. Kivuko cha reli cha stesheni ya Kamakurakokomae, chenye bahari nyuma na treni ndogo ya Enoden inayopita, kinajulikana duniani kote kwa sababu ya Slam Dunk, anime ya mpira wa kikapu. Umati wa pale umekuwa mkubwa hivi kwamba mji umelazimika kuweka walinzi wa kuwaondoa watu barabarani. Watu wanasimama katikati ya magari. Karibu pale kuna shule ya sekondari, na wanafunzi wanapita katikati ya kamera za wageni wakiwa wameinamisha nyuso. Nilipiga picha moja, nikaenda kula samaki.

Kuna na mahali nilipochelewa. Shinkai alipotoa Tenki no Ko, Julai 2019, jengo chakavu lenye hekalu dogo juu ya paa, ambalo hadithi nzima inazunguka, lilitokana na jengo halisi la Yoyogi liitwalo Yoyogi Kaikan. Mwezi uliofuata, Agosti, likaanza kubomolewa. Watu walitoka sinema wakaenda kulipiga picha likiwa limeshazungushiwa uzio. Mimi nilipofika Tokyo halikuwepo tena. Nilikwenda hata hivyo, nikasimama karibu na stesheni nikilinganisha njia na picha. Kitu kimoja kilinikaa: wachoraji walichora kutu, mabomba, ngazi za chuma za nje, vibao vilivyochubuka, vitu ambavyo mpiga picha wa matangazo angevikwepa. Tokyo inabomoa bila kuona haya, na michoro ile imebaki kuwa kumbukumbu nzuri ya jengo ambalo hakuna aliyeliona la maana lilipokuwa limesimama.

Ndiyo maana Hida nilikwenda mapema, kabla sijapata kisingizio cha kuahirisha. Hida-Furukawa ni mji mdogo milimani, mkoa wa Gifu, na ni mahali pa pili panapotokea hadithi ya Kimi no Na wa. Ukiwa na pesa unapanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Nagoya, kisha treni ya Hida. Ukiwa mwanafunzi unapanda basi Shinjuku, safari ya saa tano na nusu hivi, unashuka Takayama, na kutoka hapo treni inakufikisha kwa robo saa.

Kabla ya safari niliitazama tena filamu, nikaona jambo lililokuwa limenipita. Mvulana wa filamu, Taki, naye anafanya haya haya tunayofanya. Anachora mahali anapopakumbuka, anapanda treni na michoro yake, anawaonyesha watu wa Hida akiwauliza, mnapajua hapa? Mchana kutwa hakuna anayepajua. Yaani mamia ya mashabiki wanaoshuka stesheni ile na simu mkononi wanarudia kitendo cha mtu aliyechorwa. Nilishuka treni nikiwa najicheka.

Stesheni ni ileile. Watu husimama kwenye daraja la juu ya reli wakisubiri treni ya Hida iingie, ili picha ilingane na ya filamu. Tazama ratiba kwanza, kwa sababu treni za huko si kama za Tokyo na ukikosa moja utasubiri sana. Maktaba ya mji, ambako Taki anasoma habari za kijiji anachokitafuta, imezoea wageni kwa utaratibu wa kiungwana: unakwenda kaunta, unaomba ruhusa, unapiga picha bila kuwaingiza wasomaji. Mama wa kaunta alinionyesha meza yenyewe kwa kidole na kurudi kwenye kazi yake. Nilikaa pale nikasoma kitabu cha picha cha watoto, kiwango changu cha Kijapani wakati huo. Barabarani wanauza gohei mochi, wali uliopondwa, ukabandikwa kwenye kijiti, ukapakwa mchuzi mzito na kuchomwa. Nyumbani ningesema mshikaki wa wali. Kula mbili.

Halafu mtu anauliza: ziwa liko wapi? Kijiji cha Itomori, chenye ziwa la mviringo katikati ya milima, ndicho moyo wa filamu. Hakipo. Hakuna Hida, hakuna popote. Wengi wanataja ziwa Suwa, mkoa wa Nagano, ukilitazama kutoka bustani ya Tateishi, na Shinkai kweli ni mtoto wa Nagano. Alizaliwa Koumi mwaka 1973, na Koumi ina ziwa lake dogo la Matsubara. Lakini hakuna ramani itakayokufikisha Itomori. Shinkai alichukua stesheni ya kweli, maktaba ya kweli, treni yenye jina lake la kweli, akaviweka kama ushahidi, ili alipoongeza ziwa la uongo tusimkatalie. Uongo mmoja mkubwa umebebwa na ukweli mdogomdogo mwingi. Ukiwa mwandishi, au mpiga hadithi wa aina yoyote, somo hilo pekee linarudisha nauli ya basi.

Jioni nilitembea kando ya mfereji wa Setogawa, wenye maghala meupe upande mmoja na samaki aina ya koi majini, wakubwa kama paja la mtoto. Bibi mmoja alikuwa akiwatupia chakula. Alinisalimia, akaniuliza natoka wapi. Tanzania aliijua kwa mlima. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya filamu, akasema aa, ndiyo, vijana wengi huja, kisha akaiacha filamu palepale na kunieleza habari za samaki: kwamba majira ya baridi wanahamishwa wote kwenye bwawa, kwa sababu theluji ya mji hutupwa kwenye mfereji, na wanarudishwa Aprili. Akanisihi nirudi tarehe 19 na 20 za mwezi huo kwa ajili ya sherehe ya Furukawa, wanaume wanapobeba ngoma kubwa usiku wakiwa karibu uchi kwenye baridi. Sherehe hiyo ipo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2016, mwaka uleule wa filamu. Kwa bibi yule, filamu ilikuwa mgeni kama mimi. Alitaka nijue vitu vyenye umri.

Mahali pamoja tu nilikoona filamu imepabadilisha mahali penyewe ni vilima vya Sayama, mpakani mwa Tokyo na Saitama. Tonari no Totoro ya mwaka 1988 ilichorwa kutokana na vijiji vya huko na Tokorozawa, ambako Miyazaki anaishi. Miji ilipokuwa ikiumeza msitu, wenyeji walianzisha mfuko mwaka 1990 wa kuchanga fedha na kununua vipande vya msitu wasijenge wengine. Cha kwanza kilinunuliwa mwaka 1991 na sasa vimezidi 50, kila kimoja kikiwa na namba yake na jina la msitu wa Totoro. Miyazaki naye alichangia. Msitu wenyewe usiutarajie mkubwa. Ni miti ya kawaida, majani makavu chini, njia nyembamba, na ukitoka upande wa pili unakutana na maegesho ya magari. Vipande vingine unavipita bila kujua kama hukukiona kibao. Nilivyotafuta tofauti hapo, ilikuwa kinyume na Itomori: kule mchoro uliongeza kitu kisichokuwepo, hapa mchoro ulizuia kilichokuwepo kisiondolewe.

Jamaa yangu wa Mombasa sasa ametazama filamu zaidi yangu, ila hukumu zake ni zilezile za mhandisi. Madaraja ya Ghibli anayasifu. Barabara za Shinkai anasema zina mifereji sahihi. Tangu atazame Suzume no Tojimari ya mwaka 2022 hanipi nafasi: anataka twende Kusu, mkoa wa Oita, kisiwa cha Kyushu, kuona gereji ya zamani ya vichwa vya treni ya Bungo-Mori, ambayo watu wengi wanaihusisha na magofu yenye mlango mwanzoni mwa filamu hiyo. Ilijengwa mwaka 1934 kwa umbo la nusu duara, na kuta zake bado zina matundu ya risasi za ndege za Marekani za wakati wa vita.

“Mlango sitautafuta,” ameshaniambia. “Nataka kuona ile meza ya kugeuzia vichwa vya treni, walivyoiweka sawa.”

Tunabishana nauli. Yeye anataka ndege hadi Fukuoka, mimi nataka Seishun 18, ile tiketi nafuu ya treni za kawaida, tangu Tokyo, tukilala njiani Onomichi au popote tutakapochokea. Tumekubaliana mwezi, hatujakubaliana kingine.